Kabuti Yenye Vifungo vya Shaba

Harufu ndiyo iliyoingia kwanza. Kabla sijaona kilichokuwa ndani ya mfuko, nilinusa sufu iliyolala miaka mingi pamoja na vidonge vya kufukuza nondo, na mwili wangu ukainuka wenyewe kitini. Mjukuu wangu Nyambura, aliyepewa jina langu, alikuwa ametoka sokoni Nakuru, amejaa furaha ya mtu aliyewahi kununua zawadi kabla bei za Krismasi hazijapanda.

"Shosho, funga macho! Ni vinteji, ya zamani, orijino kabisa. Baridi itakuogopa."

Akaitandaza juu ya kochi: kabuti ndefu ya kaki, yenye safu mbili za vifungo vya shaba.

Maneno niliyomwambia hayafai kuandikwa. Nilimwamuru akiondoe kitu hicho nyumbani mwangu, naye akalia. Mimi si mwepesi wa kuomba msamaha, na kwa kuwa sikusoma, siwezi kumwandikia barua. Kwa hiyo nimemketisha mezani nimsimulie, yeye aandike, nanyi mtakaosoma muwe mashahidi.

Nilikulia upande wa Elburgon, katika shamba la mzungu aliyekuwa akijiandaa kurudi kwao. Baba alirudi kutoka kizuizini, alikofungwa na serikali ya wakoloni, nikiwa na miaka kama saba. Nilionyeshwa mtu mrefu mlangoni nikaambiwa, huyo ni baba yako. Alifanya kazi, alikula, alilala. Alizungumza na ng'ombe zaidi kuliko alivyozungumza nasi. Miaka miwili ilipita, na katika miaka hiyo hakuwahi kunitaja jina. Aliponihitaji alisema "wewe", au alinyoosha kidole.

Kila alfajiri alikwenda kukamua akiwa amejifunika gunia mabegani, na kikohozi chake nilikisikia mpaka zizini. Mawazo ya mtoto ni mafupi. Niliamini kwamba baba hasemi kwa sababu anasikia baridi, na kwamba akipata joto atasema jina langu. Nilichuma pareto msimu mzima, vidole vikinuka maua yale machungu hata nilipokula, nikaweka senti zangu ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia.

Jumamosi moja kabla ya Krismasi, jirani yetu Mama Chebet, aliyeuza mayai Nakuru, alinipandisha pamoja naye kwenye lori la shamba. Mama yangu alijua tu kwamba naenda kumsaidia kubeba vikapu. Karibu na mtaa wa Bondeni, mwanamume mmoja alikuwa ametandaza turubai chini na kumwaga nguo kuukuu za wazungu waliohama: magauni ya maua, suruali za kupandia farasi, kofia zilizobonyea. Harufu ilikuwa hii hii.

"Wewe kasichana, unataka gauni ya Krismasi?"

"Nataka koti ya baba."

"Baba yako ni mrefu namna gani?"

Nilisimama kwa vidole vya miguu, nikanyoosha mkono hadi mwisho. Wanaume waliokuwa wakichagua suruali waliangua kicheko.

"Huyo si baba, huyo ni mti wa simu! Basi chukua hii. Mvua ikiiona hii, inarudi Molo mbio."

Mama Chebet aliipapasa kabuti kwa ndani, akavuta mshono, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Ni nzito, itakaa. Mzee atakubariki." Mume wake hakuwahi kupelekwa kizuizini. Kwake yeye kabuti ilikuwa kabuti.

Niliificha katika stoo yake. Kila jioni nilikwenda kusugua vifungo kwa jivu na kitambaa, mpaka nikaweza kuona meno yangu ndani yake. Sikuwahi kufanya kazi yoyote kwa bidii kama ile, na natamani mtu angenizuia.

Siku ya Krismasi niliwatangulia wazazi kutoka kanisani. Niliitundika kabuti kwenye msumari mkabala na mlango, nikaijaza magunia ili mabega yasimame, nikafunga vifungo vyote hadi shingoni. Kisha nikajificha nyuma ya kitanda.

Mlango ulifunguka, mwanga wa saa sita ukapiga ile shaba.

Baba yangu, mtu aliyeweza kumwangusha fahali kwa pembe, alichuchumaa. Alichuchumaa papo hapo, kama aliyekatwa magoti, akaweka mikono yote miwili kichwani na kuinamisha uso.

Nami nikacheka. Nilidhani anacheza na mimi. Nilitoka nyuma ya kitanda nikipiga makofi, nikaenda hadi mbele yake, ndipo nikaona jasho likimtiririka shingoni katika baridi ile ya Elburgon. Nikashusha mikono. Kicheko kile sijakisahau hadi leo.

Mama aliruka ndani, akaing'oa kabuti ukutani na kuitupa nje kwenye matope. "Ni nani ameleta hii kitu hapa? Ni nani?"

"Ni mimi. Ni ya baba. Ni ya Krismasi."

Chai ilichemka ikamwagikia moto, na hakuna aliyeiepua. Baba aliinuka polepole akishika ukuta, akatoka nje bila kunitazama. Nilijua anakwenda kuichoma.

Aliiokota. Aliikung'uta matope, akaigeuza mikononi, akaitazama kwa muda ambao kwangu ulikuwa sawa na mwaka.

"Nyambura," akasema. "Leta kisu."

Hivyo ndivyo nilivyosikia jina langu kinywani mwake mara ya kwanza. Nilipeleka kisu. Alikata vifungo kimoja baada ya kingine, akavikusanya kiganjani, akaenda kuvitupa chooni. Aliporudi aliipindua kabuti ndani nje, bitana ya kijivu iliyochanika ikakaa juu, akaivaa. Ilimkaa vizuri mabegani. Akaingia, akaketi, akaomba chai.

Aliivaa hivyo kwa miaka mingi, ndani nje, akiifunga kwa kamba ya katani. Watoto wa kambi ya wafanyakazi wa shamba walinifuata hadi kisimani wakiimba, "Baba Nyambura hajui kuvaa!" Niliona aibu. Siku moja nilimsihi avae kama watu. Akanijibu, "Hivi ndivyo inavyonitosha." Moyoni nikamhesabu kuwa mtu aliyeharibika kidogo.

Mama aliniambia nilipokwisha kuzaa watoto wangu mwenyewe. Kule kizuizini, askari wenye kabuti zile walipotokea, kila mtu alipaswa kuchuchumaa na mikono kichwani, na wa mwisho kuchuchumaa alipigwa. Baba alikuwa amejifunza kutokuwa wa mwisho. Niliposikia hayo nilikaa chini kwenye vumbi, mtu mzima mwenye mtoto mgongoni. Mimi ndiye niliyemtundikia askari ndani ya nyumba yake mwenyewe, nikamng'arishia vifungo, kisha nikacheka.

Lakini lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa si hilo. Ni zile asubuhi zote zilizofuata. Hakuna aliyemlazimisha. Gunia lake lilikuwa bado lipo. Kila alfajiri alinyoosha mkono wake katika giza, akauingiza katika mkono wa kabuti ile, kwa sababu mtoto wake ndiye aliyeinunua.

Huyu anayeandika ameweka kalamu chini. Nimemwambia aendelee, kazi haijaisha.

Kabuti aliyoninunulia bado iko ndani ya mfuko, nyuma ya mlango. Asubuhi hii, kabla hajaamka, niliitoa nikaingiza mkono mmoja. Wa pili ulinishinda, nikairudisha. Lakini Krismasi bado siku nne.

Nyambura, usilie juu ya karatasi. Leta hiyo kabuti, unishikie huo mkono wa pili.