Kuku Aliyeingia Ofisini

Mwaka ule tulikula sombe, majani yetu ya muhogo, bila mawese, na ugali wenyewe ukaisha kabla ya watu kukaa vizuri. Ndio mwaka mwenyekiti wa kijiji chetu hapa Nakivale alikata nusu ya shamba langu akampa shemeji yake.

Nikaambiwa niende Mbarara, kuna tume ya haki za binadamu. Mimi niliishia darasa la pili, lakini maneno nayajua: tume ni watu waliotumwa, na mtu aliyetumwa hutembea vizuri akishiba. Nikafunga miguu ya kuku wangu mwekundu, nikavaa kitenge cha kanisani, nikapita kijijini polepole ili wanione.

Ofisini mama mmoja wa miwani aliandika maneno yangu yote. Nilipomaliza, nikaweka kuku juu ya meza.

“Mugawane na yule aliyekutuma.”

Alicheka mpaka akavua miwani. “Mama mzee, sisi hatutumwi na mtu. Hata serikali inayotulipa haituambii la kusema. Kuna watu wa nchi nyingine wanaotupima kama tuko huru kweli. Tukiwa huru, tunapata A. Nikila kuku wako, nitakuwa mtu wako.”

Kumbe A si ya watoto wa shule tu. Nilitoka na kuku kwapani, aibu imenijaa, nikambadilisha sokoni kwa chupa ya mawese. Nyumbani majirani wakauliza kuku yuko fasi gani. Kiburi changu kikawahi kujibu: “Ameingia ofisini.” Sikudanganya. Ila kutoka kwake sikukutaja.

Tume ilipoandika kwamba shamba ni langu, mwenyekiti alikuja na karatasi na wino, majirani nyuma yake.

“Mama, tia kidole hapa, kwamba yule mwanamke wa tume alikula kuku wako. Barua yake itakufa, na wapimaji wao watasikia. Mimi nitakurudishia kipande cha shamba, tukae kwa amani.”

Ikabidi nifungue mdomo mbele ya wote. “Kuku alikataliwa. Ndiye yale mawese mliyokula kwangu mkinisifu.”

Walicheka, hata mkamwana wangu, tena yeye kuliko wote. Mwenyekiti hakucheka.

“Tia tu, mama. Bila mimi, shamba utalipata wapi?”

“Kidole ni changu. Sitii.”

“Labda hujanielewa.”

“Nimekuelewa mingi. Kidole ni changu. Sitii.”