Uko wa Nani?

Juzi, kwenye biro moja ya serikali kule Masisi, nilikuwa nasubiri karatasi ya pikipiki. Mbele yangu mlimaji mmoja wa Nyabiondo alipigapiga mguu chini, fomu mkononi, macho mlangoni. Alitaka kununua bunduki ya kuwinda, ya kwanza maishani mwake. Nyani walikuwa wamemaliza shamba lake.

"Papa, nianzie wapi?" akamuuliza karani.

Karani akaweka kalamu chini. "Anzia kwa jibu. Leo ukikutana na watu wa silaha mu njia, wanakuulizaka nini?"

"Unatoka wapi."

"Na wakikukuta na bunduki mukononi?"

Mguu wa mlimaji ukatulia.

"Watakuuliza: uko wa nani, wa kundi gani? Jibu yako iko wapi?"

"Mimi niko wa maharagi tu, Papa."

Hakuna aliyecheka. Mlimaji akakunja fomu yake mara nne, akauliza kama kuna mutu mwenye kuuza imbwa ya kufukuza nyani.

Nami karatasi yangu nikapata. Wakati wa kurudi, kwenye bariere, kizuizi cha njiani, kijana mwenye silaha akaniuliza ninatoka wapi. Nikajibu upesi, kabla hajabadilisha swali.