Uwanja Tuliompambia Mgeni

Kati ya nyumba zetu na ukuta wa kiwanda palikuwa na uwanja wa udongo mwekundu. Katika miaka ya tisini ndio uliokuwa mahali petu pa kila kitu: harusi, mikutano ya matanga, kuanika blanketi. Jumamosi alasiri wanawake wa mtaa walicheza mpira wa pete hapo. Aliyewakusanya alikuwa jirani yangu wa mlango wa pili, mama kutoka magharibi ya nchi, fundi wa kushona katika kiwanda cha nguo. Wiki nzima aliinamia cherehani. "Jumamosi ndiyo siku mgongo wangu unakumbuka kwamba ni wangu," aliniambia.

Nguzo ya goli aliitengeneza mwenyewe: bomba la maji lililopinda na, juu yake, duara la chuma lililotoka kwenye pipa bovu.

Mimi nilikuwa mtunza stoo niliyeacha shule mapema, na jioni nilisoma vitabu vya maktaba kuhusu jinsi baraza la mji linavyopanga fedha zake. Kwa hiyo diwani alipotuarifu kwamba afisa wa baraza angepita kukagua viwanja kabla ya makadirio ya mwaka kuandikwa, kamati ya mtaa iliniomba nieleze. Nilieleza vizuri. Kila idara hupeleka makadirio yake, kamati ya fedha hupunguza, madiwani hupitisha; kiwanja kisichoandikwa hakipati hata shilingi. Swali la afisa angependa kuona nini halikuwa kwenye vitabu vyangu, na hakuna aliyefikiria kumuuliza mwenyewe.

Tukafanya kama tufanyavyo nyumbani mgeni akitarajiwa, watoto wanapofukuzwa nje na vitambaa vya viti kufuliwa. Mwenyekiti wetu, karani mwenye asili ya Ukambani, alipendekeza tupande nyasi mvua ya masika ikianza, kisha mtu yeyote asikanyage hadi afisa aje.

"Akikuta vumbi," alisema, "atasema hawa hata kufagia hawajui."

Jirani yangu alisimama. "Mwenyekiti, na sisi tutacheza wapi?"

"Mama, pumzikeni kidogo tu. Ama mnataka bwana mkubwa awakute mmepandisha sketi?"

"Kama anaogopa magoti, afumbe macho. Mimi nataka atukute tukicheza."

"Na hilo bomba lako? Atadhani ni mtego wa kunguru!"

"Muulize mkeo, ndiye hulikosa kila wiki."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akapiga meza. Kisha mikono ikainuliwa kukubali nyasi, wangu ukiwemo. Kesho yake nguzo iling'olewa, ikalazwa nyuma ya nyumba yangu, karibu na choo.

Nyasi ziliota. Wanawake walijaribu kucheza kwenye kichochoro, kioo cha dirisha kikavunjika, wakaacha. Ziara iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Mchezaji mmoja alihamia Njiru, mwingine akaanza kuuza mboga siku za Jumamosi.

Afisa alikuja asubuhi ya baridi, siku ya kazi. Alisimama ukingoni mwa nyasi, kijana mstaarabu, viatu vyake vikiwa vimelowa umande.

"Hapa huwa kunafanyika nini?"

"Hakuna, bwana," mwenyekiti alijibu kwa fahari. "Tumezuia kabisa. Hakuna mtu anayekanyaga."

"Pazuri," alisema, akaandika.

Makadirio yalipotoka niliyasoma mwenyewe katika ofisi ya diwani. Uwanja wetu ulikuwemo, lakini chini ya masoko: eneo la wazi lisilotumika, litajengwa vibanda. Fedha za michezo zilienda mtaa wa pili, ambako afisa alikuta vumbi na vijana wakigombania mpira. Tuliandika kulalamika. Tulijibiwa kwa upole kwamba wachuuzi nao wanahitaji mahali, jambo ambalo ni kweli. Nilitafuta kosa la afisa katika kila mstari, sikulipata. Aliandika tulichomwambia.

Wiki ambayo mafundi walianza kumwaga zege, jirani yangu alibisha mlangoni kwangu. Nilijiandaa kwa maneno yake makali.

"Nimekuja kuchukua bomba langu, jirani."

"Utaliweka wapi sasa?"

"Sijui. Lakini si hapa chooni."

Tulilibeba pamoja, yeye mbele, mimi nyuma. Alilichimbia kando ya mlango wake, akafunga kamba ya kuanikia nguo kutoka hapo hadi dirishani. Lile duara la pipa hakulitoa. Jioni nyingine, akirudi kutoka kiwandani, nilimwona akianua soksi za watoto, akizikunja pamoja zikawa donge, akarudi nyuma hatua chache, akarusha. Likapita katikati. Akaliokota, akakusanya nguo zilizobaki, akaingia ndani kupika.