Damu ya Baba na Ghala la Mama

Baba alipopandikizwa figo la shangazi, dada yake mkubwa, tulidhani tumepewa figo tu. Kumbe na mwenyewe alikuja nalo. Kila Jumapili alifunga safari kutoka Kiogoro hadi kwetu Gesima kukagua mali yake. Baba akishika gunia la majani chai, shangazi alimwambia asimchoshee figo.

Mwaka wa pili, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, baba akaanza kukohoa. Homa nayo ikagoma kusikia dawa. Tukampeleka Nairobi, mama, shangazi na mimi. Daktari alitueleza kwamba dawa zinazouzuia mwili usilikatae figo humwacha mtu bila ulinzi, hata kuvu ya mahindi yaliyolowa inaweza kumwota mapafuni. Picha za kifua hazikumpa uhakika. Palikuwa na kipimo kipya, bado kimo mikononi mwa watafiti: damu ingesafirishwa ng'ambo ndani ya barafu, huko itafutwe DNA ya kuvu. Majibu yangechukua wiki kadhaa. Dawa ya kuvu ni kali, ingeweza kuliua figo lenyewe, kwa hiyo hakutaka kuianza kwa kubahatisha.

Akamuuliza baba kama huingia penye vumbi la mahindi. Baba akakana. Mama akamtetea kwa moyo wote: kwetu mwanamume haingii ghala la mkewe, hata kuchungulia ni aibu, tena huyu ni mzee wa kanisa la Wasabato.

Damu ikatolewa. Baba, aliyekuwa anaitazama ile chupa, akauliza hiyo DNA ni nini hasa. Daktari akasema ni alama ambayo kila kiumbe hai anayo, na kuvu ikiingia mwilini huenda ikaacha yake kwenye damu.

"Na mimea inayo?"

"Inayo."

"Hata iliyokaushwa ikasagwa?"

Daktari akasema hata hiyo. Baba akainamisha kichwa.

"Ni ugoro," akasema. "Huwa nauficha ghalani, chini ya mahindi ya mwaka jana."

Mahindi yale yalikuwa yameota kuvu, mama alikuwa akiwawekea kuku. Kumbe kila asubuhi, mama akienda kuchuma chai, mzee wa kanisa linalokataza tumbaku alikuwa akiyafukua kwa mikono miwili. Mama alitazama ukutani. Sijui kilichomuuma zaidi, ugoro au ghala. Shangazi ndiye aliyepata maneno.

"Figo langu limebatizwa," akasema, "nawe unalivutisha ugoro."

Daktari hakucheka. Alimwanzishia ile dawa kali siku hiyohiyo. Ilimtetemesha baba mpaka kitanda kikalia, na mimi niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Majibu yalifika baada ya wiki tano, baba ameshaanza kuketi na kudai uji. Kuvu ilikuwemo. Daktari alisema lau tungeyangoja, yangemkuta kaburini.

"Na ugoro," baba akauliza, "wameutaja?"

Hawakuutaja. Hawakuwa wakiutafuta.

Baba akasema, "Basi nilijianika bure."

Mama alikuwa akimvalisha koti. "Bure? Ungenyamaza, hayo majibu ningesomewa nikiwa mjane."

Akamfunga vifungo vyote hadi cha shingoni, bado amenuna.