Kichupa Nyuma ya Maziwa

Kazini walimwita Bi Hapana, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Yeye ndiye aliyeagiza na kutunza peptidi za maabara, vile vipande vifupi vya protini vinavyoundwa kiwandani na kuletwa vikiwa poda ndani ya vichupa vidogo. Mtafiti akija mbio na habari za muuzaji wa bei poa, Bi Hapana huuliza kwanza cheti cha usafi, tena cha mzigo ule ule unaouzwa. Hakuna cheti? Hapana, yeye hauziwi mbuzi kwenye gunia. Mtu akitaka kufungua kichupa kilichotoka kwenye friza sasa hivi, hapana tena. Kikae mezani kimefungwa mpaka baridi iishe, la sivyo unyevu wa hewa utaingia na poda itaharibika. Hata mkurugenzi aliwahi kusimama pale akisubiri, mikono nyuma, mpole kama mwanafunzi aliyechelewa. Watu humwona mkavu. Mkavu! Hawajamwona nyumbani kwake.

Mumewe ni fundi cherehani. Bega la kulia lilianza kumuuma kidogo kidogo, hadi mkono ukawa haupandi kupita kifua. Mkasi mkubwa ukaachwa ukutani, na wateja wakaanza kuhamia kwa fundi wa jirani. Na ilitokea kwamba maabara ya mkewe ilikuwa ikijaribu peptidi moja kwa panya walioumia kano za bega. Mume alilisikia jambo hilo wakati wa chakula, akaendelea kutafuna, hakuuliza neno. Sasa mtu mwenye maumivu asipouliza neno, ujue jibu ameshalipata kwingine.

Jumamosi asubuhi mke alifungua jokofu kuchukua maziwa, na nyuma ya maziwa akaona kichupa. Alikitambua kabla hajakishika. Kizibo cha mpira, na karatasi yenye maandishi madogo: kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu. Namba ya mzigo haikuwepo. Lakini kilichomkata maini ni kingine. Peptidi husafiri ikiwa kavu, na hii ilikuwa majimaji. Kuna mtu alishatia maji kwa sindano, na mtu hatii maji kwa kujifurahisha. Akaketi sakafuni nacho mkononi.

Mumewe akamkuta hapo hapo.

"Umejidunga mara ngapi?" mke akauliza.

Mume akakitazama kichupa, kisha akatazama ukuta. "Sijajidunga."

"Baba watoto, usinifiche. Sigombi. Nataka kujua tu."

"Haki ya Mungu tena. Nilinunua kwenye simu, nikachanganya walivyoelekeza, nikavuta kwenye sindano. Nikakaa kitandani." Akacheka kicheko cha aibu. "Nikakuwaza wewe. Kwa ajili ya panya unavaa glavu, miwani na koti. Mimi nijidunge nimevaa bukta?"

Mke akacheka, na kicheko kikamtoka pamoja na machozi. Akamwomba ailete hiyo sindano, naye akaileta kutoka chini ya godoro. Mke akaitia pamoja na kichupa ndani ya kopo gumu, akakaza kifuniko, ili vikachomwe panapochomwa taka za sindano. Vitu kama hivyo havimwagwi kwenye sinki.

"Unajua kilichomo?" akauliza.

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Hata aliyekuuzia huenda hajui."

"Mfa maji haachi kutapatapa, mama watoto." Kisha mume akatoa lililokuwa moyoni. "Na nilikukasirikia. Nilisema, dawa anaishika kila siku, na bega langu analiona kila siku. Sikukuomba kwa sababu nilijua utasema hapana. Nikaona zile sheria zako unazipenda kuliko mimi."

Neno hilo lilimuuma mke kuliko kichupa. Akajibu kwa sauti ndogo.

"Kila nikiishika ile peptidi nakuwaza wewe. Kuna panya waliopona, kuna wengine hawakupona, na binadamu itamfanya nini hakuna anayejua. Nakuficha nini? Ningejua inaponya, ningeiiba nikakuletea siku ile ile."

Mume akamkodolea macho. Huyu ni mwanamke ambaye hajawahi kurudi nyumbani hata na kalamu ya ofisi. Akajishusha polepole mpaka sakafuni, akamwegemea upande ule wa bega bovu, na kwa mara ya kwanza tangu lianze kumuuma, akalia mbele ya mkewe bila kujificha.