Wageni wa Angani Walipopiga Hodi Msambweni

"Shikamoo, Mkurugenzi," nilisema siku yangu ya kwanza kazini.

"Marahaba. Digrii yako itie mfukoni. Hapa tunataka koo."

Nilikuwa nimeajiriwa kusimulia filamu katika ukumbi wa video. Nyinyi mnaotazama simuni hamkuikuta kazi hiyo: msimulizi aliketi kando ya skrini na kipaza sauti, akieleza kwa Kiswahili wanayoyasema wazungu. Kupunguza sauti ya filamu ili yake isikike tulikuita kuzamisha. Aliyezamisha kwa pupa alizamisha na milio ya risasi, akazomewa.

Mkurugenzi ndicho cheo alichojipa mwenye ukumbi, ingawa katika kila tawi aliowaongoza walikuwa wawili: msimulizi na feni. Alinianzisha tawi la Kombani, kwenye filamu za karate, kisha akanihamishia Msambweni. Huko nikamwomba Ijumaa baada ya Alasiri ziwe za filamu za kisayansi, zile za roboti na safari za nyota. Niliamini filamu yenye fikra huhitaji msomi wa kuifafanua. Katika ya kwanza nilieleza mwendo wa nuru mpaka safu ya mbele ikakoroma. Ya pili iliisha, mimi bado naeleza.

"Mwalimu," akaniambia Mkurugenzi, "ya leo ikiwalaza tena, Ijumaa narudisha karate, nawe unarudi Kombani."

Siku hiyo akaketi ukumbini mwenyewe, mikono kifuani.

Filamu haikuwa na vita. Chombo kutoka nyota ya mbali kilisimama juu ya mji, kikalia mara tatu, kikanyamaza. Majenerali wakaingiwa na hofu: kimya hiki ni mtego! Wakaelekeza mizinga. Nilikuwa nishavuta pumzi nieleze mawimbi ya redio, pale Bi Mwanatumu, muuza viazi karai wa mlangoni, aliposimama na upawa mkononi.

"Wajibuni, nyie! Si wamepiga hodi?"

"Mara tatu, na hawajaingia!" akadakia mtu wa nyuma. "Wana adabu kuliko shemeji yangu."

"Na kama ni majambazi?"

"Jambazi gani hungoja mlangoni?"

Kwetu hodi ya tatu isipojibiwa, mgeni huenda zake. Kwa hiyo chombo kilipoanza kupaa polepole, ukumbi mzima ulisimama ukipiga kelele: "Karibuuu!" Sauti kubwa kuliko zote ilikuwa ya Mkurugenzi.

Nikaweka kipaza sauti chini. Filamu ikaisha na hakuna aliyeondoka. Walibishana mpaka adhana ya Magharibi: je, unamfungulia usiyemjua?

"Na yule mpangaji aliyetoka bara," akauliza Bi Mwanatumu, "nani wetu kamwambia karibu?"

Watu wakatazama viatu vyao.

"Ijumaa ni zako," Mkurugenzi akaninong'oneza. "Ila usiseme sana."

Simu zilipoua kumbi nilistaafu, bila hotuba wala saa ya ukutani. Vijana wa hapa Waa, ninapoishi sasa, huniuliza filamu ipi ya kisayansi ina fikra. Zamani ningewatajia yenye maneno magumu. Siku hizi nawaambia: ile ambayo ikiisha, unautazama mlango wa nyumba yako.

Mkurugenzi bado huja Ijumaa kutazama nami. Leo kasimama nje, nami nimenyamaza makusudi.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi ya tatu hiyo, Mwalimu, na viazi vya Bi Mwanatumu ninavyo mimi!"

"Karibuuu!"