Capulí Alimsemea Hermelinda

Wa kwanza kukohoa alikuwa Capulí, kondoo jike ambaye Hermelinda Yauri alimlea kwa chupa. Wa pili alikuwa Hermelinda mwenyewe.

"Mama, hata wewe?" dereva Fulgencio alimcheka wakishusha kondoo kutoka kwenye lori. "Bahari imekugeuza mtu wa Lima! Kesho utatembea umeshika ukuta."

"Nyamaza. Vumbi la majani tu," alisema, akatia majani ya koka shavuni.

Hermelinda alizaliwa Cerro de Pasco, mji wa migodi juu kabisa katika milima ya Peru, na mumewe Abundio alichimba madini hapohapo. Kwa miaka mingi alitunza mazizi ya kituo cha utafiti, ambako kondoo wa pwani waliletwa juu mlimani ili daktari aone kwa nini mapafu ya mgeni hujaa maji. Wengi aliwafukia mwenyewe. Soroche, ugonjwa wa mlima, aliujua kuwa ni wa wageni.

Safari hii daktari Ludeña aligeuza jaribio. Kondoo wazawa wa mlimani walipelekwa pwani, wakakaa huko majuma kadhaa, kisha wakarudishwa juu kwa safari ya siku moja. Hermelinda alikwenda nao, akarudi nao.

Siku ya pili Capulí alisimama ametanua miguu, shingo mbele, povu la waridi puani. Daktari alimwekea chombo cha kusikilizia ubavuni, akampa Hermelinda.

"Sikiliza, mama."

Alisikia kama supu ya viazi inayochemka polepole. Sauti hiyohiyo alikuwa ameisikia alfajiri, alipoinama kufunga viatu, ikitoka kifuani mwake.

"Lakini huyu ni wa hapahapa," alisema. "Hata mama yake alizaliwa hapa."

"Ndiyo sababu nimemchagua. Inaonekana mapafu yake yamesahau mlima."

Hermelinda alimrudishia kile chombo. Akisema ya kifua chake, watamshusha bondeni, na Capulí atabaki na nani? Halafu sokoni watacheka mpaka wachoke: mwanamke wa Cerro kaangushwa na kilima chake mwenyewe.

Akachukua ndoo. Katikati ya ua pumzi ikamkatika, akakaa chini.

"Mgeni wetu kachoka!" Fulgencio alianza, kisha akasogea karibu. "Mama! Midomo yako imekuwa bluu."

"Baridi."

"Baridi gani na jua hili?"

Zizini Capulí alipiga magoti, akalala ubavu. Hermelinda alimwangalia. Kisha akajikokota hadi kwa daktari, akaushika mdomo wa kile chombo, akauweka kifuani pake.

"Nisikilize na mimi," alisema.

Daktari alisikiliza mara moja tu. "Fulgencio, washa lori! Lete mtungi wa oksijeni!"

"Na Capulí?"

"Huyu anabaki, mama. Lazima nione mapafu yake."

Hermelinda hakuwa na pumzi ya kubishana.

Lori liliteremka kuelekea Huánuco, mji wa bondeni, mtungi katikati ya magoti yake. Fulgencio hakutania hata kwenye kona moja. Kila mchemko wa kifuani ulipopanda, alikanyaga mafuta. Walipofika kwenye mikalitusi ya kwanza, chini ambako miti huota, ile supu ilianza kutulia.

"Unapumua, mama?"

"Napumua."

"Nitamwambia nini mzee Abundio?"

Hermelinda aliutoa mpira wa oksijeni usoni, akatazama nyuma, juu walikotoka.

"Usimwambie kilima kimenishinda," alisema. "Mwambie Capulí ndiye aliyenisemea kwa daktari."